Balozi Anapoondoka, Jirani Anabaki



Mwishoni mwa Januari 2025, siku chache kabla ya Goma kuanguka, serikali yetu ilitangaza kuwarudisha nyumbani wanadiplomasia wake waliokuwa Kigali, ikaitaka Rwanda isimamishe shughuli zake zote za kibalozi mjini Kinshasa katika muda wa saa 48. Habari hiyo ilitufikia huku Yahuma kama zinavyotufikia habari nyingi: kwa redio, kwa simu ya ndugu aliyeko Kisangani, na kwa abiria walioshuka kutoka mtoni. Kila aliyeisimulia aliongeza neno lake. Wengine walisema kwamba vita vimetangazwa. Wengine walisema kwamba hatuna tena la kuzungumza na watu wale. Na baadhi ya vijana wetu, baada ya misa, waliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: ikiwa nchi imekata uhusiano na nchi nyingine, je, na sisi Wakristo tumekata uhusiano na watu wake?

Swali hilo linastahili jibu lililopimwa. Tunaloandika hapa ni maoni yetu sisi walei, tuliyoyafikiri kwa pamoja mbele ya Injili na mbele ya historia ya nchi yetu. Tunawaomba ninyi vijana myasome katika mikutano yenu, myajadili, na mtukosoe panapostahili.

Kukata uhusiano maana yake nini

Tuanze na maana ya jambo lenyewe, kwa kuwa watu wengi hukasirika au kushangilia kabla ya kulielewa. Uhusiano wa kidiplomasia huanzishwa kwa mapatano ya nchi mbili. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961. Lakini kuuvunja hakuhitaji mapatano. Nchi moja peke yake yaweza kusema: kuanzia leo balozi wangu anarudi, na wako aondoke. Hiyo ni haki ya kila dola.

Hata hivyo, mkataba uleule unaweka mipaka. Ibara ya 45 inasema kwamba hata uhusiano ukivunjika, hata vita vikiwaka, nchi mwenyeji inapaswa kuyaheshimu na kuyalinda majengo ya ubalozi, mali yake na nyaraka zake. Wanaoondoka wapewe njia ya kuondoka salama. Nchi ya tatu yaweza kuombwa iangalie masilahi ya raia waliobaki. Nayo mikataba ambayo nchi hizo zilikwisha kuitia sahihi haifutiki kwa sababu tu mabalozi wameondoka.

Kwa hiyo kukata uhusiano si kutangaza vita, wala si ruhusa ya kumdhuru mtu yeyote. Ni neno zito ambalo dola moja huiambia nyingine mbele ya ulimwengu wote: ulilonitendea si jambo la kawaida, na sitajifanya kana kwamba ni la kawaida. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sheria ya mataifa imeyaandika yaleyale kwa maneno marefu zaidi.

Tunalitaja hili kwa sababu maalumu. Tarehe 28 Januari 2025, waandamanaji mjini Kinshasa, wengi wao vijana wa umri wenu, walizishambulia balozi kadhaa: ya Rwanda, ya Ufaransa, ya Ubelgiji, ya Uganda, ya Kenya, ya Marekani. Uchungu wao tunaujua, nasi tunaushiriki. Lakini siku ile mnyonge alijinyang'anya sehemu ya haki yake. Aliyesimama mbele ya ulimwengu kulalamika kwamba sheria imevunjwa nyumbani kwake, alionekana akiivunja kwa mikono yake. Hasira hasara.

Si mara ya kwanza

Nchi yetu imelitamka neno hili mara kadhaa. Tarehe 14 Julai 1960, majuma mawili tu baada ya uhuru, serikali ya Patrice Lumumba ilivunja uhusiano na Ubelgiji, kwa kuwa askari wa Ubelgiji walikuwa wameingia tena nchini bila idhini yake. Uhusiano huo ulirudishwa mwishoni mwa mwaka 1961, wakati Lumumba mwenyewe alikuwa amekwisha kuuawa. Mwezi Oktoba 1973, Mobutu alitangaza mjini New York kukata uhusiano na Israeli, siku mbili kabla ya vita kuanza kule Mashariki ya Kati. Mwaka 1982 aliurudisha. Na Rwanda tulikwisha kutengana nayo katika miaka ya vita, na mabalozi wakarudi mwaka 2009. Kisha mwezi Oktoba 2022 balozi wa Rwanda alifukuzwa Kinshasa, na Januari 2025 mlango ulifungwa kabisa.

Majirani zetu wa Tanzania wanao mfano unaofaa kuchunguzwa. Mwezi Desemba 1965, Julius Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, waliojitwalia uhuru ili kuwatawala Waafrika walio wengi. Nchi za Afrika zilikuwa zimekubaliana kufanya hivyo kwa pamoja. Zilizotimiza zilikuwa chache. Tanzania ilipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5, fedha nyingi kwa nchi maskini. Lakini Nyerere hakuitoa nchi yake katika Jumuiya ya Madola, wala hakuwafundisha Watanzania kumchukia Mwingereza. Mwaka 1968 uhusiano ulirudi. Leo Kanisa linachunguza maisha yake katika mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Katika mifano hii tunaona mambo mawili. La kwanza: karibu kila mlango uliofungwa ulifunguliwa tena, na mara nyingi waliofunga na waliofungua walikuwa watu walewale. Aliyefundishwa kuchuki siku ya kufunga hakufundishwa kupenda siku ya kufungua. Chuki ilibaki kwake wakati wakubwa walipokwisha kupeana mikono. La pili: kukata uhusiano kwaweza kuwa tendo la haki linalomgharimu anayelitenda, na kwaweza pia kuwa hesabu ya masilahi tu. Tofauti yao haionekani katika tangazo. Inaonekana katika yale yanayofuata.

Kisangani inakumbuka

Sisi wa Tshopo tuna sababu ya pekee ya kusema juu ya jambo hili. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya jiji la Kisangani. Hayakuwa na uadui huo na sisi. Yaligombana yenyewe kwa yenyewe, juu ya ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Wenyeji hutaja wafu zaidi ya 1,000. Fahali wawili walipigana, na nyasi zilikuwa ni mama zetu.

Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama, katika azimio namba 1304, lilizitaka nchi hizo mbili ziondoke na kulipa fidia. Kongo ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Mwezi Desemba 2005 Mahakama iliiona Uganda kuwa na hatia, na mwezi Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Mwaka uleule Uganda ilianza kulipa. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa. Mwezi Februari 2006 majaji walisema hawana mamlaka, kwa kuwa Rwanda haikuwa imeyakubali. Hivyo waliouawa kwa bomu moja walipata hukumu, na waliouawa kwa bomu la pili hawakuipata, ingawa wamelala katika makaburi ya jiji lilelile.

Leo jeshi la Uganda liko mashariki ya nchi yetu tangu Novemba 2021, kwa mwaliko wa serikali yetu, likipigana upande mmoja na askari wetu. Hatulisemi hili kwa kejeli. Tunalisema ili kijana aelewe kwamba adui wa dola si jambo la kudumu. Dola hubadilisha marafiki kwa kadiri ya haja zake. Mkristo akiuacha moyo wake uwashwe na kuzimwa na matangazo ya serikali, hatakuwa na moyo wake mwenyewe.

Tunasema pia kwamba palipopatikana haki kidogo, haikutokana na kufunga ubalozi peke yake. Ilitokana na watu waliotunza ushahidi, waliohesabu wafu wao kwa majina, waliovumilia miaka 22 hadi hukumu ikatoka. Kufunga mlango ni kazi ya siku moja. Haki huchukua maisha ya kizazi kizima.

Hatua za Injili

Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Bwana anafundisha namna ya kumkabili ndugu aliyekukosea. Kwanza umwendee peke yako. Asiposikia, wachukue mashahidi mmoja au wawili. Asiposikia hata hao, uliambie kanisa. Na asipolisikia hata kanisa, awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru.

Basi Injili yenyewe inajua kwamba ipo siku ya kuutangaza umbali. Haimtaki aliyeumizwa ajifanye hajaumia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda wapatao 3,000 hadi 4,000 walikuwa katika ardhi yetu pamoja na M23. Rwanda inakana, nayo hutaja usalama wake mbele ya FDLR, kundi lililoanzishwa na baadhi ya waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994. Woga huo tusiudharau, kwa kuwa wafu wale ni wa kweli. Lakini woga wa jirani haumpi haki ya kuingia nyumbani mwako na silaha. Kwa sababu hiyo tunakiri waziwazi: serikali yetu ilikuwa na haki ya kusema neno lile. Kikao cha Luanda kilikuwa kimetangulia, na cha Nairobi, na mashahidi walikuwa wamekwisha kuitwa.

Lakini tusiufunge ukurasa haraka. Je, Bwana mwenyewe aliwatendeaje watoza ushuru na watu wa mataifa? Aliketi nao mezani. Alimponya mtumishi wa akida wa Kirumi. Na mwinjili aliyetuandikia maneno yale, mapokeo yanatuambia, alikuwa mtoza ushuru aliyeitwa kutoka katika kiti chake cha ushuru. Kwa hiyo kumhesabu mtu kuwa wa mbali hakumtoi katika upendo wetu. Kunaanzisha kazi mpya, iliyo ngumu zaidi: kumtafuta bila kumdanganya kwamba hakukosa.

Tena katika sura ya 14 ya Luka, Yesu anamtaja mfalme anayeketi na kupima kama jeshi lake litaweza kumkabili mwenzake aliye na askari wengi zaidi. Akiona hataweza, hutuma wajumbe kutafuta amani mwenzake angali mbali. Bwana hakumwita mfalme huyo mwoga. Alimtoa kama mfano wa mtu anayehesabu kabla ya kutenda. Ndugu vijana, anayehesabu ni yule anayejua majina ya watakaokufa.

Njia ambayo Kanisa halikuifunga

Mabalozi walipoondoka, si kila daraja lilivunjika. Balozi wa Papa aliendelea kukaa Kinshasa, na mwingine Kigali. Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu linalowaunganisha Burundi, Kongo na Rwanda halikuvunjwa. Mwezi Februari 2025, Goma ikiwa tayari mikononi mwa waasi, ujumbe wa maaskofu wa CENCO pamoja na wachungaji wa Kiprotestanti wa ECC ulikwenda Goma kuzungumza na viongozi wa M23, kisha ukavuka hadi Kigali kuonana na Rais Kagame. Baadhi ya Wakongo waliwaita wasaliti. Sisi tuliwaona wakifanya kazi ileile ambayo sheria ya mataifa huiachia nchi ya tatu: kubeba neno kati ya watu wawili wasiosemezana.

Na dola zenyewe hazikuweza kukaa kimya muda mrefu. Tarehe 27 Juni 2025, miezi mitano tu baada ya kutengana, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano mjini Washington. Mwezi Desemba marais wawili walikutana katika jiji lilelile kuyathibitisha; siku chache baadaye mapigano yakafika Uvira. Hivyo tunajifunza kwamba ubalozi uliofungwa hauleti amani, na sahihi iliyotiwa mbali nayo hailetei amani watu ambao hawajaitwa kuikubali mioyoni.

Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilimtangaza mwenye heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Ibada ilifanyika Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Floribert alikuwa mwanasheria, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, na mwanajumuiya wa Sant'Egidio aliyekuwa rafiki wa watoto wa mitaani, maibobo. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, alikataa rushwa iliyotolewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani na kuuzwa kwa watu. Alitekwa, akateswa, akauawa.

Tazameni alivyosimama. Alikuwa mtu wa mpakani. Alijua kufunga na kufungua. Aliufunga mpaka kwa sumu, hata kwa gharama ya uhai wake. Hakuufunga kwa mtu. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la baada ya misa. Mkristo ana haki na wajibu wa kusema hapana kwa silaha, kwa wizi wa madini, kwa uongo na kwa rushwa, vitoke ng'ambo au vitoke kwetu. Hana haki ya kusema hapana kwa mtu kwa sababu ya lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Vita vilivyo karibu zaidi

Mtu aweza kusema kwamba Yahuma iko mbali na Goma, na kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Hatukubali. Tangu Februari 2023, ndugu zetu Wambole na Walengola wamemwagiana damu ng'ambo ya kushoto ya Kisangani, katika Lubunga na vijiji vyake, kwa mgogoro ulioanzia kwenye ardhi. Mamia waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walikimbilia jijini. Hapakuwa na ubalozi wa kufunga wala mpaka wa dola. Watu walikata uhusiano kwa njia ya zamani: waliacha kusalimiana, wakaacha kuoana, wakaacha kupita njia moja kwenda sokoni, kisha wakachukua mapanga.

Kijana anayezoea kusema «wale» akimaanisha Wanyarwanda, hatachelewa kusema «wale» akimaanisha watu wa kijiji cha pili. Ulimi haujui mahali mpaka wa taifa unapoishia. Tumekwisha kusikia katika simu zenu maneno yanayomwita jirani Mnyarwanda kwa sababu ya urefu wa pua yake, na tunajua mwaka 1994 ulianza na maneno ya namna hiyo yaliyosemwa redioni.

Yupo atakayetuuliza: je, hamwaombi walioonewa wakae kimya? Hapana. Twawaomba waseme kwa sauti kubwa zaidi, lakini waseme ukweli wote. Kijana anayetaka kujiunga na jeshi la nchi yake kwa dhamiri safi, hatumhukumu. Kanisa linatambua haki ya taifa kujilinda. Anayetaka kwenda ili apate mtu wa kuchukia, huyo twamwomba akae kwanza, aungame, azungumze na padri wake.

Tunayoyapendekeza kwa vikundi vyenu

Kwanza, kila tarehe 5 Juni, vikundi viombee wafu wa Kisangani wa mwaka 2000, na wazee waliokuwepo waalikwe kusimulia. Asiyejua yaliyompata hawezi kuyadai.

Pili, ujumbe wowote unaowatukana watu kwa kabila au taifa lao usipitishwe mbele katika simu zenu. Ufie kwako.

Tatu, katika maombi ya waamini, pamoja na askari wetu na wakimbizi wetu, watajwe pia vijana Wakatoliki wa Rwanda wanaosali Baba Yetu ileile Dominika ileile. Hili litakuwa gumu kuliko yote. Ndiyo maana tunaliomba.

Nne, palipo na familia mbili zisizosalimiana katika jumuiya yenu ndogo ya Kikristo, kikundi kitume wajumbe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sisi tu mabalozi kwa ajili ya Kristo. Serikali yaweza kuwarudisha mabalozi wake. Kristo hajawarudisha wa kwake.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Ni nani ambaye sisi, katika kikundi au familia yetu, tumekata naye uhusiano? Je, tulizipitia hatua za Mathayo 18, au tulianzia ya mwisho?

2. Tunawezaje kulilaani tendo la dola bila kuwalaani watu wake? Toeni mfano wa maneno yanayofaa na yasiyofaa.

3. Mwenye heri Floribert angefanya nini angekuwa mfanyakazi katika soko letu, gati letu au ofisi yetu leo?

Bikira Maria, Mama wa Kongo na Mama wa mataifa yote ya Maziwa Makuu, atuombee amani ya haki.